Madam wa Kimea

Mlevi? Nani mlevi? Hebu rudia, rudia mbele ya wateja wangu wasikie vizuri. Eti "yule Madam mlevi wa Malangali, yule aliyefukuzwa na wazazi." Weka mkasi chini tuongee. Wewe ni fundi cherehani, nusu ya soko hili la Mazwi limevaa mshono wako, sikatai. Lakini hii habari umeishona vibaya, na leo naifumua mpaka uzi wa mwisho. Mimi nimekaa na yule mama ukuta kwa ukuta miaka. Wewe ulimwona siku moja, kwenye kikao cha wazazi, na hata hicho kikao hukukimaliza.

Hakufukuzwa. Na pombe hakuwahi kuionja, Mmoraviani yule, wa kuimba tenzi anafua. Ila alikuwa ananuka kimea, hapo sibishi. Sweta zake zote zilinuka kimea. Sasa swali si kama alinuka. Yeye mwenyewe alikuwa na msemo, ukimletea neno lolote: "Usiniambie ipo. Niambie imefikaje." Basi kaa hapo nikwambie ilifikaje.

Jina lake silitaji, na si kwamba nalificha. Hakuna aliyelitumia. Shuleni Madam, sokoni Madam, kanisani Madam. Mama yangu, ambaye hata darasa la kwanza hakulikanyaga, naye alikuwa anaita Madam, na yeye anamjibu Mama Mwenye Nyumba. Alikuwa mpangaji wetu. Chumba cha pembeni, kile kinachopakana na changu, dirisha moja la mbao linaloangalia ua. Na nyuma ya huo ua mama alikuwa anapika kimpumu, ile pombe ya ulezi ya kunywa kwa mrija, watu wanakaa kwenye mabenchi wanafyonza polepole wanazungumza mambo ya mashamba. Ndiyo, mwalimu wa baiolojia kapanga kwenye nyumba ya pombe. Angepanga wapi? Ilikuwa miaka ya ruksa, wazazi ndiyo kwanza wameanzisha sekondari yao, madarasa manne na ofisi, nyumba za walimu bado ziko kwenye maneno. Kwetu Malangali palikuwa karibu na shule. Na mama yangu hakuwa na makelele ya kodi.

Kitu cha kwanza ungejua juu yake ni baridi. Katoka Tukuyu, kwenye ukungu, anakuja kulia baridi Sumbawanga! Tukimcheka, anasema, "Baridi ya kwetu ina adabu, inakuja na mvua, unaiona. Hii ya kwenu inakuja na upepo, haipigi hodi." Akawa anavaa sweta mbili, mwezi wa sita zinakuwa tatu, na juu yake kitenge. Na dirisha lake kafunga. Saa saba mchana, jua linawaka nje kuku wanalala kivulini, yeye yuko ndani na kibatari anasahihisha. Mtu anayefundisha watoto kwamba mwanga ndio chakula cha dunia, anaishi gizani! Mama alikuwa anapita na ungo wake anagonga lile dirisha kwa kiwiko.

"Madam! Utachipua humo ndani!"

"Acha nichipue, Mama Mwenye Nyumba. Upepo wako siutaki."

"Mwalimu wa mwanga anaishi kama kimea," mama anatuambia, tunacheka mpaka wanywaji wanacheka na hawajui tunacheka nini. Likumbuke hilo dirisha, fundi. Tutalirudia.

Mimi sekondari sikuchaguliwa, unajua. Darasa la saba likaisha, majina yakabandikwa, langu halipo, nikaingia sokoni kuuza mitumba. Kwa hiyo ukiniuliza nimesoma wapi, nimesoma ukutani. Ukuta wetu ni tofali mbichi na dari haikuwepo, sauti inapita juu. Yeye alikuwa na tabia ya kufundisha somo la kesho leo, peke yake, kwa sauti, kama vile darasa zima liko mle chumbani. Nikawa nalala kitandani nasikiliza. Siku moja kakosea, kasema kitu ambacho jana yake alikisema tofauti. Nikashindwa kujizuia, mimi na mdomo wangu, nikapiga kelele juu ya ukuta: "Madam, jana hukusema hivyo!"

"Nilisemaje?"

Nikamwambia.

"Uko sahihi. Njoo huku na kiti chako, mdomo wewe."

Toka siku hiyo naitwa Mdomo. Na hakunifundisha kwa huruma, usifikiri. Huyu mama alikuwa mkali kama pilipili. Nikijibu ovyo ananitoa nje na kiti changu, kesho yake nagonga tena. Nilimpenda kwa sababu hiyo. Watu wote waliponiambia "basi, ndiyo hivyo, hukuchaguliwa," yeye aliniuliza tu, "Una swali?"

Yeye swali lake alikuwa nalo moja, miaka yote. Nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kimea kinaingia.

Ndani ya jani kuna seli. Ndani ya seli kuna vidude vya kijani, kloroplasti, hata wewe ulifundishwa ukasahau. Na ndani ya kila kimoja kuna tando. Utando unaujua, unauona kila asubuhi juu ya uji ukipoa; basi ni kitu chembamba hivyo, na zaidi ya hivyo. Zimepangwa moja juu ya nyingine, marundo marundo, na kwenye hizo tando ndiko jua linakokamatwa likageuzwa chakula. Sukari yote, ugali wote, kimpumu chote, ng'ombe wote wa Wasukuma kule bondeni, vyote vimepitia kwenye hizo tando. Kila kitabu kinasema hivyo na kinachora mchoro, na kinaishia hapo.

Madam mchoro ulikuwa unamkera. Anaupiga kwa kidole: "Ona. Wametuonyesha nyumba imeshaezekwa. Fundi yuko wapi? Msingi ulichimbwa lini? Usiniambie ipo!" Maana jani halizaliwi na hizo tando tayari. Mbegu ndani ni nyeupe. Sasa tando zinatoka wapi?

Akanichukua siku moja shambani kwa mama, mahindi yamefika kiunoni. Akaushika mmea mmoja wa watu, akafunua majani ya nje, akaingiza vidole katikati, akavuta ule moyo, fyu! Jani changa lililojiviringisha. Akalikunjua kwenye kiganja.

"Unaona nini?"

"Naona mama atatuua."

"Angalia rangi."

Nikaangalia. Kwenye ncha kijani. Katikati kijani cha kuchujuka, kama limau. Chini kabisa, pale lilipong'oka, njano nyeupe kama siagi.

"Jani la hindi linakua kutokea chini," akasema. "Ncha ni mzee, chini ni mtoto mchanga. Kwa hiyo ukitoka chini kwenda juu unasoma ujenzi wote kwa mpangilio, kama mtu anayetembea toka kwenye uwanja mtupu mpaka kwenye nyumba yenye bati." Akaweka ukucha pale chini. "Hapa kile kidude ni kifuko kitupu, kina kuta mbili tu, rangi hakina." Akasogeza ukucha. "Hapa ukuta wa ndani umeanza kuchomoza vifuko vidogo, vinajinyoosha, vinaungana, vinakuwa shuka." Akasogeza. "Hapa shuka zinapangana. Na hapa juu jua linapikwa. Utando hauanguki kutoka mbinguni, Mdomo. Utando unazaliwa na utando."

Mama alipoliona hindi limetobolewa moyo, ebo! Alimsema mpaka jioni. Madam anasema polepole, "Lakini Mama Mwenye Nyumba, hukuuliza tumeona nini." Hana aibu hata kidogo! Na msimu uliofuata karudia, ila safari hiyo kachukua la pembeni, lile lililoliwa na funza.

Hata kwenye yale matuta yetu ya nyasi, ntumba, pale tunapofukia majani mabichi chini ya udongo yaoze yawe mbolea, alikuwa anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anatoa majani yamegeuka njano. "Hapa wanabomoa zile tando," anasema. "Giza likiingia wanabomoa." Mama anamjibu, "Madam, acha shamba langu lioze kwa amani."

Sasa kimea. Mtu aliyekulia Ufipa hahitaji kuelezwa, lakini wewe ni wa kuja, ulitoka Mbeya na cherehani yako, ngoja nikueleze. Ulezi unalowekwa, unachujwa, unafunikwa kwa magunia mahali pa giza, unachipua. Vichipukizi vinatoka vyeupe, vya njanonjano. Ukishachipua unaanikwa upesi ukauke, unasagwa, ndio unatia utamu na ukali kwenye pombe. Mama yangu hakutaka hata kidogo kimea chake kianze kugeuka kijani. Alisema kinatia uchungu. Gunia likipeperuka pembeni, mwanga ukaingia, ile kona inakuwa kijani, mama anaing'oa anatupia kuku.

Madam kahamia kwetu wiki ya kwanza, kaiona ile kona. Nakwambia alipiga magoti. Mama akafikiri anasali.

"Hii ilikuwa njano lini?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ya leo?"

"Madam, ni kimea kimeharibika tu."

"Hakijaharibika," anasema. "Kimejenga. Kimejenga leo, sisi tukiwa tunakunywa chai."

Maana kumbe giza lina mambo yake. Mmea ukichipua gizani, vile vifuko havikai bure. Vinakusanya vifaa vyote, tando zote, vinazifunga zimesongamana kama wavu uliokunjwa, na rangi nayo imo humo, imepikwa nusu, inasubiri mwanga tu. Mimi hapa ndipo nilipokwama. Nilimwambia kabisa sielewi, wavu gani uliokunjwa. Basi siku moja kaja sokoni, mimi na wenzangu ndiyo tunafungua belo jipya. Belo unalijua lilivyo, limebanwa na mashine huko Ulaya, gumu kama jiwe, limefungwa mikanda. Nimeinua kisu.

"Usikate!" Watu wote wakageuka. Kaja na sweta zake tatu, kasimama juu ya belo langu. "Humu kuna nini?"

"Mashati, Madam. Tunafanya kazi."

"Mangapi?"

"Mengi."

"Na yote yamo kwenye kitu kidogo hivi. Hayavaliki, hayauziki, ila yamo. Haya, kata."

Nikakata ule mkanda, na belo likavimba, likapasuka, mashati yakamwagika mpaka miguuni kwake. Akanyoosha kidole: "Mwanga ndio kisu. Sasa kunja, panga." Nikakunja, nikapanga, moja juu ya jingine, rundo hapa, rundo pale. Akaondoka bila kuaga. Na mimi mpaka leo sijawahi kukata belo bila kuona jani.

Usinielewe vibaya, hakuwa malaika. Alikuwa mgomvi. Aliwachapa watoto waliochelewa na yeye mwenyewe anachelewa, anaingia getini na mkate mdomoni. Alicheka ushirikina wa watu wote, halafu usiku hafagii chumba hata umlipe. Na biskuti! Maduka yalipofunguliwa, vitu vikaanza kuja toka kila upande, yeye aliangukia biskuti. Anazichovya kwenye chai na kulalamika: "Ruksa imeleta biskuti za kila nchi, imeshindwa kuleta chupa moja ya dawa ya maabara." Kweli, maabara haikuwepo. Palikuwa na hadubini moja, imefungiwa kabatini kwa mkuu wa shule, na hata hiyo alisema haina nguvu ya kuonyesha zile tando. Nikamuuliza, umewahi kuziona kwa macho? Akasema sijawahi, nimeona picha tu. Nikasema basi unajuaje. Akanichukua mkono akanipeleka kwenye magunia ya mama.

Hiyo ndiyo ilikuwa maabara yake, fundi. Kila Jumamosi wanafunzi wake wanakuja uani kwetu, mama kamtengea kona yake, kimea kilichoachwa kirefu kidogo kuliko cha pombe. Wanafunua gunia, wanatoa kiganja kimoja juani, kingine wanakiacha gizani, wanakaa wanaangalia. Wanabishana. Wanachora. Na upande wa pili wa ua, ndiyo, wazee wanafyonza kimpumu chao. Mzee mmoja, shabiki mkubwa wa Madam, alikuwa anawapigia makofi wakipata jibu.

Hapo ndipo yalipoanzia. Mzazi mmoja kapita njiani, kachungulia uani, kamwona binti yake kainama kwenye gunia la kimea, na nyuma yake wanaume wana mirija. Siku mbili tu, mji mzima: Madam anawafundisha watoto kupika pombe. Siku ya tatu: Madam anawanywesha. Kikaitishwa kikao cha wazazi. Kama wazazi wakisema aende, anaenda, shule ni yao. Anarudi Tukuyu, na wanafunzi wa kidato cha nne wanakwenda kwenye mtihani bila mwalimu wa baiolojia. Na mimi nabaki na ukuta wangu mtupu.

Madam hakuomba msamaha. Alisema, "Nitawaonyesha. Wakiona imefikaje, wataelewa." Akaandaa sinia. Kimea safi, cha njano, kimenyooka kama nywele za mtoto. Jana yake alikitoa nje kidogo tu, akakirudisha gizani. Nikamuuliza kwa nini. "Nakionjesha," akasema. "Kikishaonja mwanga, kesho hakitasitasita." Akaweka rula ya mbao katikati ya sinia, ile ya darasani, ili chini yake pabaki njano watu waone tofauti. Kila kitu kakipanga.

Ilikuwa mwezi wa sita. Wewe ulikuwepo, ulikaa benchi la pili. Mama aliitwa kama mwenye nyumba, mimi nikamsindikiza. Madam kaweka sinia dirishani, upande wa jua, kasema, "Wazazi wangu, naomba mjadili mengine kwanza. Zamu yangu ikifika mtaangalia hili sinia." Mwenyekiti, yule mwenye mashine ya kusaga kule Chanji, akakubali. Wakaanza madawati. Wakaja kwenye tofali. Unajua wazazi wakishaanza tofali.

Na upepo ukaanza. Ule wetu, usiopiga hodi. Madirisha ya mbao yanapigapiga, pa, pa. Mzazi mmoja akafunga la kwake. Mwingine akafunga. Likabaki lile la sinia, upepo wote unaingilia pale, na aliyekaa mbele yake ni nani? Madam. Nilimwona anajikunyata. Kavuta kitenge. Kapuliza mikono. Mtu wa tofali bado anaongea. Na Madam, bila kufikiri, kama anavyofanya kila siku chumbani kwake, kanyoosha mkono, kasogeza sinia ndani, kafunga dirisha, chumba kikaingia giza.

Mimi nilikaa nyuma, vichwa vya watu vimenikinga, sikuona sinia likiingizwa, nilidhani kaliacha nje juani. Mama aliona. Mama aliinuka nusu, lakini mwenyekiti akamwambia, "Mama, zamu yako bado," akakaa.

Zamu ikafika. Wakafungua dirisha. Sinia la njano. Njano kama lilivyowekwa.

Baba mmoja Msukuma, mfugaji, kasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, mimi kijani nakijua, nafuata kijani na ng'ombe toka Shinyanga. Hiki siyo." Watu wakaanguka kwa kicheko. Wewe ulicheka kuliko wote, ukapiga paja. Madam kaliangalia sinia, kaliangalia dirisha. Ningekuwa mimi ningepiga kelele. Yeye kasema tu, "Nimefunga mwenyewe." Hakuna aliyemsikiliza. Wakanyoosha mikono, aende. Ukachukua kofia yako ukaondoka, kikao hakijafungwa.

Mimi nikachukua sinia.

Hakuna aliyenituma. Nililibeba kichwani na rula yake juu, kama lilivyo, nikatoka. Kule nje upepo ulikuwa umesafisha mbingu, hakuna wingu, jua la Ufipa la mchana, linachoma na baridi iko palepale. Nikaenda Chanji kwa miguu. Njiani watu wananiita, "Dada, unauza nini?" "Siuzi!" "Sasa unabeba nini?" "Nabeba ushahidi!" Hasira zilikuwa zinanitoka masikioni.

Mwenyekiti alikuwa kesharudi kwenye mashine yake, inanguruma, foleni ya wanawake na debe zao mpaka barabarani. Kaniona, kanipungia mkono niondoke. Sikuondoka. Nikaweka sinia ukutani upande wa jua, nikakaa chini. Nikasema leo huyu atatoka tu. Wanawake wa foleni wakaniuliza, nikawaeleza, vifuko, tando, belo, kila kitu. Wakaanza kuangalia na wao. Saa zikapita. Mmoja ndiye aliyesema kwanza, si mimi: "Eeh, hapa pembeni mbona panabadilika?" Foleni ikageuka. Debe likafika zamu yake, mwenye debe hayupo, yuko kwenye sinia.

Mashine ikazimwa. Mwenyekiti katoka, mweupe wa unga toka nyusi mpaka viatu. "Kuna nini hapa? Nani kafa?"

"Inua rula," nikamwambia.

"Umebadilisha sinia, binti."

"Rula haijainuliwa toka kikaoni. Inua mwenyewe, baba yangu. Shikamoo."

"Marahaba." Kainama, kainua. Kote kijani, kijani cha majani mapya, na katikati mstari wa njano umenyooka, umekatwa kama kwa wembe. Akaweka kidole juu ya ule mstari, akakitoa, akaacha unga.

"Kile kikao chote," akasema, "kulikuwa hakuna mwanga mle."

"Hakukuwa."

"Nani alifunga lile dirisha la sinia?"

"Yeye mwenyewe. Alisikia baridi."

Alicheka yule mzee! Alicheka mpaka unga unamwagika mabegani. Halafu akajifuta macho, akawa mwenyekiti tena. "Nitaongea na wenzangu. Mwambie Jumatatu aingie kazini. Kimea akiweke shuleni, ntampa mimi magunia. Kwenye pombe watoto wasikanyage tena." Na ndivyo ilivyokuwa. Jumatatu aliingia darasani, na aliingia miaka mingine mingi, na kimea kikakaa kwenye stoo ya shule, kwenye magunia ya mashine ya Chanji. Kwa hiyo hilo neno lako la kufukuzwa, limeze.

Unafikiri alinishukuru? Nilirudi nakimbia, nikamweleza kila kitu, yeye kanikazia macho: "Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Ningerudia jaribio mwenyewe. Jaribio likishindikana linarudiwa, halibebwi mitaani." Akaangalia mikono yangu mitupu. "Rula ya shule iko wapi?"

Rula niliisahau Chanji. Alininunia mpaka ikarudishwa.

Baadaye alistaafu, akarudi kwao. Mwaka jana nimekwenda Mbeya kufuata belo, nikasema siwezi kukaribia hivi nisimwone, nikapanda gari mpaka Tukuyu, nikauliza, nikafika. Nilitegemea nigonge dirisha lililofungwa. Nimemkuta kakaa nje, uwanjani, sweta tatu, kitenge, kikombe cha chai na biskuti, upepo unampiga. Na nyuma yake dirisha wazi, pazia linaruka.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba, Mdomo. Umechelewa. Kaa huku kwenye jua."

"Madam, wewe na upepo?"

"Siku hizi nakaa nje," akasema, kama vile si kitu. "Nilijifunza."

Akaniambia mwanafunzi wake mmoja yuko chuo kikuu, akija likizo anamletea habari. "Unakumbuka nilikwambia ukuta wa ndani unachomoza vifuko, vifuko vinasafiri, vinaungana? Nilisema kwa uhakika sana. Wapo wanaobisha. Wanasema huenda havisafiri, huenda ni ukuta wenyewe unajikunja ndani mpaka unakuwa shuka. Hawajakubaliana."

Damu ikanipanda. "Nani anabisha?"

"Wanasayansi, Mdomo."

"Waje kwangu."

Alicheka, biskuti ikaangukia kwenye chai. Uso ulikuwa unawaka, kama siku ile ya magoti uani. "Huoni utamu wake? Mpaka leo hakuna aliyemaliza kumwona fundi. Bado watu wanakaa wanaangalia." Akaivua biskuti kwa kijiko. "Na ukisimulia ile habari ya sinia, usisahau kusema dirisha nilifunga mwenyewe. Bila hiyo haina somo."

Mimi sikutaka, nakuambia ukweli. Ningependa tubaki na sinia la kijani tu. Lakini kasema, na nimekuambia. Kafunga mwenyewe. Kasikia baridi, kafunga.

Sasa zamu yako, fundi. Kila siku unasema "nilikuwepo, niliona kwa macho yangu." Kweli ulikuwepo. Ulikaa gizani na wenzako, ukacheka, ukavaa kofia, ukaondoka sinia likiwa njano, na hukurudi kuangalia. Sasa niambie: uliona nini?